Kulipa Saumu ya Mama Juu ya Ziwa la Barafu

Niliamini, tena kwa moyo wote, kama ninavyoamini kwamba maji yanalowesha, kuwa kaskazini kabisa ya dunia jua linachungulia mara nne kwa siku moja. Linatokeza kichwa, linaona baridi, linarudi ndani. Baadaye linajaribu tena. Na kila likichungulia, siku imehesabika. Kwa hiyo Mwislamu mwenye deni la Ramadhani anaweza kwenda huko Desemba, akafunga siku nne kati ya chai ya asubuhi na chakula cha jioni, na ndani ya wiki moja mwezi mzima umelipika, mtu akarudi na kitambi chake kama alivyokwenda nacho. Habari hiyo niliipata kwa kinyozi wetu wa Saint-Josse hapa Brussels, ambaye alimnyoa mtu mwenye shemeji aliyewahi kufika Norway. Mlitaka ushahidi gani zaidi?

Msinicheke bado. Mimi nina diploma ya shule ya jioni, nimeisinzilia madawatini baada ya kazi mpaka shingo ikapinda, lakini ni diploma ya kutunza wazee. Jiografia haikuwamo. Halafu nilikuwa na sababu ya kutaka habari ile iwe kweli. Mama alifariki mwaka jana, na Ramadhani zake mbili za mwisho hakufunga kwa sababu ya figo. Sisi tuliokulia Buyenzi, Bujumbura, tulifundishwa kwamba deni la Mungu haliingii kaburini na maiti. Linabaki mlangoni likimsubiri mtoto. Mtoto wa kiume wa kwanza ni mimi. Na kazi yangu ni kunyanyua kutoka vitandani vizee vya Kibelgiji vyenye uzito wa ng'ombe wa maziwa. Ramadhani yangu mwenyewe hunibakisha ngozi na miwani. Nikiongeza nyingine mbili, nitakuwa mimi wa kunyanyuliwa.

Kwa kuwa mnanizuia kila mahali, msikitini, kwenye duka la nyama, hata kwenye ngazi za metro, mkiniuliza kulikuwaje, naandika mara moja, msomeane.

Gare du Nord

Namna safari ilivyopatikana naiacha, inachosha. Itoshe kwamba kuna kijiji huko Finland kinachopeleka wageni kuendesha pikipiki za magurudumu manne juu ya ziwa lililoganda, na kwamba mwenzangu alikuwa Papa Déo, Mkongomani wa Bukavu, Mkatoliki, jirani yangu wa ghorofa ya chini, dereva wa tramu aliyestaafu. Yeye hakuwa na deni lolote kwa Mungu, au kama analo hakunitajia. Alikuwa na hamu moja.

"Hamisi, mimi miaka yote nimeendesha kintu yenye kufuata reli," aliniambia tukingoja treni ya uwanja wa ndege, amevaa makoti matatu mpaka mikono haishuki. "Reli inakata kushoto, na mimi nakata kushoto. Muntu anapita mbele, siwezi kumukwepa, napiga kengele tu. Bon. Mbele nikufe, nataka kuendesha kintu yenye inanisikia."

"Na ukipotea?"

"Nipotee. Njo raha yenyewe."

Treni ya kwanza ilifutwa. Ya pili ilikuja, ikafungua milango, ikaifunga, ikaondoka tupu. Upepo wa pale jukwaani mnaujua, unapita katikati ya yale maghorofa ya ofisi kama umetumwa. Nilishika mfuko alionifungia dada yangu Zaituni: chapati, maandazi, na tende za kutosha msikiti mzima. Zaituni anakaa Molenbeek, na ndiye aliyemuuguza Mama. Aliniuliza mara mbili naenda kufanya nini kwenye baridi. Nikamwambia naenda kuendesha pikipiki, kama vijana. Nia ya saumu nilimficha. Nilitaka nirudi, nikae kwenye kochi lake, nimwambie: dada, deni la Mama limekwisha. Nilikuwa nimeshauona uso wake atakavyoufanya.

Helsinki na baada ya Helsinki

Ndege ilichelewa, kwa hiyo treni ya kaskazini ikatuacha, kwa hiyo tukakaa kwenye kituo cha Helsinki muda wa mtoto kuzaliwa na kuota meno. Papa Déo alisalimia watu. Alimsalimia mlinzi, alimsalimia mama mwenye mbwa, alimsalimia na mbwa. Mwanamume mmoja alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi. Sisi tukakaa katikati, naye akainuka taratibu akaenda kusimama kwenye nguzo.

"Tumemufanya nini?" Papa Déo akauliza.

"Labda ananusa vitunguu vya chapati."

"Apana. Huyu anatuogopa." Akampungia yule mtu mkono. "Brussels pia wananiogopeaka, lakini kule wanakaa palepale, wananiogopa na macho."

Baadaye tuligundua kwamba hata wao kwa wao huinuka wakaenda kusimama kwenye nguzo. Ilikuwa faraja, ila ya aina ile ambayo haishibishi.

Tulikula supu ya samaki yenye maziwa. Nilipouliza kama imetiwa mvinyo, msichana wa jikoni alienda kuuliza, akarudi akisema hapana, lakini wanaweza kuniongezea. Nikashukuru.

Treni ilipotoka mjini, misitu ikaanza, na haikuisha. Mimi nimeona msitu. Huu ulikuwa ni mti mmoja ulionakiliwa mpaka mashine ikaharibika. Mbele yetu alikaa bibi mmoja akifuma soksi, saa nzima hakuinua jicho. Mara akafungua mkoba, akampa Papa Déo peremende nyeusi, bila neno. Papa Déo, mtu wa adabu, akaitia mdomoni. Niliona machozi yakimtoka.

"Ni ya nini?" akaninong'oneza. "Ni dawa ya mende?"

"Usiiteme. Anakutazama."

Akaimeza nzima. Bibi akatabasamu, akampa nyingine mbili. Wao, inaonekana, huzila kwa kupenda. Zina chumvi, na kitu kingine ambacho mimi nimekinusa tu kwenye maji ya kusafishia sakafu za wagonjwa. Ilipofika alasiri mapema kukawa giza dirishani. Nikafurahi. Nikajiambia, umeona, kinyozi hakusema uongo, siku zenyewe hizi hapa, fupi kama vidole.

Kijiji chenye irabu nyingi kuliko nyumba

Jina la kijiji siwezi kuliandika. Mkono unachoka kabla halijaisha. Nyumba chache za mbao, taa za njano, theluji iliyopanda mpaka madirishani, na nyuma ya kila kitu ziwa, jeupe, pana, halina mwisho. Baridi yake mkitaka kuijua, tieni pua kwenye friji la bucha, muiache humo, muondoke.

Mwenyeji wetu alikuwa Aino, mama wa makamo mwenye mabega ya mbeba mizigo. Tulizungumza naye Kiingereza cha kuombea maji, yeye chake kidogo na mimi changu kidogo, Papa Déo akitia Kifaransa palipopungua. Siku za mwanzo alitufundisha pikipiki uwanjani: namna ya kukaa, namna ya kupunguza mwendo, namna ya kutogusa chuma kwa mkono mtupu. Mimi nilikuwa na shughuli nyingine. Nilikuwa nafunga.

Niliamka gizani, nikala chapati, nikanuia kwa ajili ya Mama. Ukaja mwanga. Haukuwa wa jua. Ulikuwa wa bluu, kama mtu amewasha televisheni nyuma ya mlima. Ukakaa. Kisha likaja wingu la theluji, kukafifia, nami nikaona hiyo ni magharibi. Nikafungua kwa tende tatu na kikombe cha chai. Wingu likaondoka, mwanga ukarudi. Nikanuia siku ya pili.

Papa Déo alinitazama nikitafuna, nikiacha, nikitafuna tena.

"Donc, kwenu Ramadan iko na entracte? Kama sinema?"

"Ni fikihi, Papa Déo. Huwezi kuielewa."

"Mimi sielewi. Lakini wale Waislamu wa kwetu Bukavu, wakifunga, wanafunga mpaka na sie tunaona huruma. Weye sikuoneye huruma hata kidogo."

Aliniudhi, kwa kuwa nilikuwa na furaha sana. Ndani ya siku mbili zangu za kawaida nilikuwa nimelipa sita za Mama. Nilimwona akipumua huko aliko.

Juu ya ziwa

Asubuhi ya safari kubwa Aino alitutangulia kwenye barafu, akaitoboa kwa kekee ndefu, akapima, akasema inabeba hata lori. Barafu ikalia chini yetu, sauti ndefu kama mlango wa ghala unaofunguliwa upande wa pili wa dunia.

"Inalia," alisema Papa Déo.

"Inakua," alisema Aino. "Ikinyamaza ndipo uogope."

Nilitaka siku hiyo niifunge kwa unyoofu, bila kuikatiza, siku ya heshima. Tukaondoka, kila mtu na pikipiki yake. Hapo sitatia chumvi, maana chumvi haihitajiki: niliona mzee wa miaka sabini akizaliwa. Papa Déo alikata kushoto bila sababu. Akakata kulia. Akachora duara, akachora duara lingine ndani yake, akaenda kinyumenyume, akisema peke yake ndani ya kofia ya chuma maneno ambayo upepo uliniletea vipande vipande: "Hakuna reli. Mungu wangu. Hakuna reli."

Tulipofika ng'ambo, kwenye kibanda cha mbao, Aino akawasha moto akachoma soseji. Nikakataa, nguruwe. Akanikatia mkate na jibini. Nikakataa. Akanimiminia juisi ya moto ya zabibu za huko. Nikakataa. Akaweka kikombe chini.

"Unaumwa?"

"Sili mpaka jioni. Ni kwa ajili ya mama yangu."

"Mama yako atafurahi ukiganda?"

Akaenda kwenye pikipiki yangu, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. "Kwenye baridi hii mtu asiyekula haendeshi. Mikono inalala, kichwa kinalala. Nimeona." Hakupandisha sauti. Alinifungia nyuma ya pikipiki ya Papa Déo, ndani ya tela dogo la kuteleza, la kubebea kuni, akanifunika ngozi ya paa wa huko mwenye pembe kubwa. Hivyo ndivyo nilivyoanza kurudi kwenye ziwa lile ambalo watu hutoka duniani kote kuja kuendesha juu yake: nimelala chali kama mzigo, natazama mbingu zisizo na rangi, theluji ya magurudumu ya Papa Déo ikinijia usoni.

Katikati ya ziwa pikipiki ikazama. Msiogope, si ndani ya ziwa. Kuna mahali ambapo maji hupanda juu ya barafu na kufichwa na theluji, yakawa uji. Magurudumu yakaingia kwenye uji, yakazunguka, yakanyamaza. Aino, aliyekuwa mbele, akarudi, akatazama, akasema anarudi kibandani kuleta kamba ya kutuvuta. Tusitembee, tusikae majini, turukeruke. Akaondoka. Sauti ya injini ikapungua mpaka ikawa kama ya mbu, halafu hata mbu akaondoka.

Tulirukaruka. Kisha mimi nikaacha. Nilihisi joto, usingizi mtamu, wa alasiri ya Bujumbura baada ya wali.

"Hamisi. Ruka."

"Nimesharuka."

"Ujaruka, uko umesimama." Akanivua glovu moja, akaanza kunisugua vidole kama anawasha moto. "Kula tende. Iko mu mufuko yako, niliiona."

"Mpaka jua lizame."

"Jua gani?"

Tukatazama juu wote wawili. Bluu ileile. Sikuweza kusema kama inakuja au inaondoka. Nilishika tende mkononi, ngumu kama kokoto, nikimsubiri mtu anipe ruhusa, na hapakuwa na mnara, hapakuwa na muadhini, hapakuwa na simu yenye mtandao.

"Bon," alisema Papa Déo. "Mimi natangaza. Imeingia. Allahu akbar, kula."

"Papa Déo, wewe Mkatoliki."

"Njo maana nasema kwa sauti, Mungu wako asikie na wangu asikie. Maman yako alikuzaa ili nikupeleke nyumbani ndani ya sanduku? Nitamwambia nini Zaituni?"

Sikula. Nawaambia hivyo si kwa kujisifu. Akili ilikuwa imeshalala kama Aino alivyosema. Nilikuwa nawaza tu kwamba nikila nimemrudishia Mama deni mkononi.

Aino alirudi. Alinitazama mara moja, akaacha kamba.

"Muulize jua linazama saa ngapi," nilimwambia Papa Déo, kwa Kiswahili, ulimi mzito. Sijui alimuuliza kwa lugha gani, lakini Aino alielewa.

"Lilizama mwezi uliopita," alisema. "Litachomoza mwakani."

Akanitia tende mdomoni kwa vidole vyake, kama ninavyowalisha wazee wangu kazini, akanishika taya mpaka nikameza.

Jikoni kwa Warsame

Kijijini kuna mkahawa mmoja wa piza, na mpishi wake ni Msomali aliyekulia Mombasa. Anaitwa Warsame. Ningemjua siku ya kwanza kama nisingekuwa najifungia chumbani na mahesabu yangu ya mbinguni. Walinileta kwake kwa sababu jiko lake ndilo lenye joto kuliko yote. Aliniweka kando ya tanuri, akanipa supu ya mbuzi, sijui mbuzi alimtoa wapi, nikamweleza kila kitu, kuanzia kwa kinyozi.

Alisikiliza huku akikanda unga.

"Kwanza, pole kwa mama," alisema. "Pili, huyo kinyozi wako asishike tena wembe. Siku ni siku, ndugu yangu, jua litoke lisitoke. Sisi huku tunafuata saa za Helsinki, alfajiri yake na magharibi yake. Wengine wanafuata za Makka. Hakuna anayefuata mawingu."

"Zile sita nilizolipa?"

"Ulikula katikati?"

"Tende. Na chai."

"Basi ulikunywa chai," alisema Warsame.

Papa Déo alitazama piza.

Siku zilizobaki nilifunga kwa ratiba aliyonibandikia Warsame mlangoni. Zilikuwa chache, za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kumbe ningeweza kulala kitandani kwangu: mchana wa Desemba wa Brussels unauzidi ule wa Helsinki kwa muda wa kwenda sokoni na kurudi, basi. Pikipiki sikuigusa tena. Nilikaa dirishani na tumbo tupu, nikimtazama Papa Déo mbali kwenye weupe, nukta nyeusi, akikata kushoto, akikata kulia. Jioni alikuwa akija na harufu ya petroli, anakaa kando yangu bila kula mpaka saa ya Warsame ifike, halafu tunaanza pamoja. Sikumwomba.

Safari ya kurudi sina la kuisimulia. Treni ilikuwa ileile, misitu ileile. Nilikuwa na hasira na kinyozi mpaka Helsinki. Kutoka Helsinki hasira ikakosa pa kukaa, ikanirudia mimi.

Molenbeek

Nilikwenda kwa Zaituni siku ya pili, vidole viwili vya mkono wa kushoto bado havina hisia. Daktari anasema zitarudi, labda. Nilikuwa nimeamua kumwambia ukweli wote na kumwomba tugawane siku zilizobaki, nusu yake nusu yangu, mpaka liishe hata kama ni miaka. Alikuwa anakunja nguo kwenye kochi lile ambalo nilikuwa nimeshajiona nimelikalia na habari njema. Nikamsimulia ziwa, tela la kuni, tende. Hakucheka hata pale ambapo ninyi mmecheka.

"Ulifunga kwa ajili ya nani, kaka?"

"Nimekwambia. Kwa ajili ya Mama. Zile Ramadhani mbili."

Aliweka chini shuka alilokuwa amelishika.

"Mama hakuwa na deni," alisema. "Mgonjwa asiyetarajiwa kupona hadaiwi saumu, anadaiwa kulisha maskini, siku kwa siku. Alilisha zote mbili, hakubakisha hata siku moja. Nilikuwa napika mimi hapa jikoni, nawapelekea wale vijana wanaolala kituoni, Gare du Nord. Ungeniuliza ningekwambia."